Imebaki Mikungu Mitatu

Tukuyu inanyesha tangu Jumapili.
Mtandao umekatika mara nne asubuhi hii,
na mimi, Ambokile, karani wa dirisha la tatu,
nahamisha madaftari ya zamani
kuyaingiza kwenye kompyuta kabla mwezi haujaisha.

Yananuka moshi na panya.
Wino wa Sista Hedwiga umevuja pembeni,
lakini mwandiko wake umenyooka kama matuta ya chai:
jina, kijiji, ugonjwa, kilicholipwa.

Mashine haitaki ugonjwa, inataka namba yake.
Homa za Sista nazifanya B50.
"Kifua kinambana" nakipa J, na tarakimu ninazobahatisha.
"Amejifungua salama, mvua kubwa" inakuwa O80,
na mvua inabaki nje,
haina pa kuandikwa.

Kuna safu inaitwa Njia ya Malipo.
Ukiigusa inafunguka: taslimu, simu, bima, msamaha.
Usipochagua, huendi mbele.
Sasa huyu wa Masoko aliyeleta kuku wawili nimweke wapi?
Na huyu aliyelima bustani ya wauguzi siku sita?
Nimewaweka wote kwenye msamaha,
nikaona haya,
maana walilipa.

Saa nane, daftari la mwaka themanini na tisa.
Panya wamekula kona ya ukurasa.
*Tupokigwe Mwaisumo, Kyimbila. Upasuaji.
Mtoto wa kiume, hai.
Shilingi elfu moja mia mbili.
Ameleta mkungu mmoja wa ndizi. Imebaki mitatu.*
Na kwa penseli: *atarudi.*

Huyo wa kiume, hai, ni mimi.

Mama alinisimulia mengi, hili hakunisimulia.
Ila kila tulipofika karibu na geti hili
alivuka barabara, akashika upande wenye tope,
amenikamata mkono.
Nilidhani anakimbia harufu ya dawa.

Kioo kikagongwa.
"Kaka, bili yangu bado?"
Binti ana kichanga mgongoni, maji yanamchuruzika kwenye kanga.
Mtandao ukarudi kwa kusuasua:
kitanda, kipimo, glavu jozi mbili, sindano, faili.
Kisha wekundu: mwanachama hatambuliki.
"Nina elfu kumi na nane," akasema,
"na gunia la viazi liko stendi, kwa shemeji."

Nikaomba kadi. Nikaisoma herufi kwa herufi.
"Unaitwa nani?"
"Tusekile."
"Hapa wameandika Tusekele.
Basi kubali kuwa Tusekele mpaka utoke getini."
Akacheka, wa kwanza kucheka dirishani kwangu wiki hii.
Nikaufuta mwandiko wa jina lake halisi,
nikaandika lile la makosa,
na skrini ikawa kijani.
Glavu tu bima imezikataa.

Jioni taa za wodini zimewashwa,
mama bado yuko kwenye skrini yangu,
kishale kinapepesa macho kwenye Njia ya Malipo.
Nikachagua taslimu.
Nikatoa mfukoni elfu moja mia mbili,
hela ambayo leo haifikishi soda mbili,
nikaitia kwenye droo, nikaifunga kwa ufunguo.
Risiti ikatoka ikikwaruza:
*Tupokigwe Mwaisumo. Salio: 0.*

Penseli ya Sista sikuifuta.
Kesho, kabla ya zamu, nitapita sokoni
niulize mkungu wa ndizi siku hizi unauzwaje,
kwa mtu anayetaka mitatu.