Dakika Tatu za Koti

Twapigia ghorofa ya pili ya kiwanda kilichokufa,
hapa Łódź, kwenye kona ambapo tramu hupinda ikilia kama bawaba.
Kwa lugha ya wenyeji jina la mji ni mashua,
na maji hayapo: mito waliizika chini ya mawe
siku za pamba na moshi.
Bogumił husema ndiyo maana sote tuna nyuso za watu
walioachwa na feri.

Zamani tulikuwa na mwimbaji, Halszka.
Aliondoka Novemba na maneno yake yote,
akatuachia stendi ya maikrofoni. Sasa twatundikia makoti.
Hatukumtafuta mwingine.
Wimbo ukinyang'anywa maneno
hukaa kama shahidi mahakamani
ambaye hakuna aliyemuuliza.

Ndipo akaja mwongozaji, Bi Żywia Kotecka,
viatu vya mvua, filamu yake ndani ya kitu kidogo kama kiberiti.
"Mjane anafungua kabati. Anatoa koti la mumewe.
Dakika tatu, hakuna anayesema neno.
Nataka mnilize. Hapana, ngoja.
Nataka mnizuie nisilie."

Tukatundika shuka ukutani, tukawasha projekta.
Mara ya kwanza tulipiga kama dhoruba:
Wit na gitaa lake, pedali saba miguuni,
sauti ikapanda hadi vioo vikatetemeka
na njiwa wa darini wakahama.
Mjane pale shukani akawa mdogo,
kama mtu aliyesimama karibu mno na reli.
"Mnamzomea," akasema Bi Żywia.

Mara ya tisa tukapunguza.
Mara ya ishirini Bogumił akaweka vijiti chini,
akapapasa ngozi ya ngoma kwa viganja
kama anayetafuta mtoto kitandani gizani.
Mimi, mshika besi, nilibakiwa na noti mbili.
Ya juu inauliza. Ya chini
inavuta kiti, inakaa.

Tuligombana, bila shaka. Sisi ni watu wa kununa;
kununa ndiyo kazi yetu, twalipwa kwa saa.
Wit akasema noti mbili ni uvivu.
Nikamwambia huzuni nayo ni mvivu,
hushinda na nguo za kulalia.
Akatoka kuvuta sigara, theluji ikamwangukia,
akarudi na mabega meupe, akapiga kitu
ambacho hadi leo hawezi kukirudia.
Kinasa sauti kilikuwa kimezimwa.

Machi, usiku wa kwanza sinemani.
Safu ya nne, mashati yamepigwa pasi.
Mamake Wit ana pipi za asali, karatasi zake zina kelele.
Mjane akafungua kabati.
Nikangoja noti zangu mbili.

Hazikuja.
Ngoma haikuja, wala gitaa.
Bi Żywia alikata kila kitu,
akabakiza zile sekunde za kabla hatujaanza,
akazirefusha: tumesimama, vyombo mikononi, twapumua,
na amplifaya kuukuu inavuma peke yake
kama jokofu baada ya matanga,
wageni wakishaondoka.

Mjane akatia mkono mfukoni mwa koti.
Akatoa tiketi ya tramu. Akaitazama. Akairudisha.
Ukumbi mzima ukaacha kutafuna.

Mamake Wit akaninong'oneza,
"Na ya kwenu inaanza lini?"
"Ndiyo hii, mama."
Akasikiliza, pipi imetulia shavuni.
"Basi mmepiga vizuri," akasema,
"ila mwambie Wit anyoe."

Jumatatu tulirudi kiwandani.
Tukavua makoti, tukaitwisha stendi mzigo wake.
Imeinama kidogo upande wa kulia,
alikokuwa akiegemea Halszka.
Wit akawasha amplifaya, ikaanza kuvuma,
na hakuna aliyetaka kuikatiza.
Bogumił akahesabu hadi nne.
Hatukuingia.
Akahesabu tena.