Ritifaa ya Ng'ombeni

Programu ilikuwa ikiikata shehia yetu vipande viwili.
Unaandika Ng'ombeni, unabonyeza,
upande huu inabaki Ng, imesimama peke yake
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni,
na upande wa pili: ombeni,
kama kwamba sote tumeamrishwa dua.

Bi Raya wa ofisi ya mifugo, Mkoani, siku ya kwanza alicheka.
Siku ya tatu hakucheka.
Orodha ya chanjo, ng'ombe mia nne na kumi na wawili,
jumla ikasoma sifuri.
"Wewe si umesomea mambo haya?"

Nimesomea. Ila sikusomea kuwaandikia watu nisiowajua
kuwaambia kitu chenu kina tundu,
na tundu nimeliona mimi, Mize binti Shaame,
chumbani, baina ya cherehani ya shangazi
na bando la shilingi elfu.

Msimbo wenyewe uko wazi, atakaye ausome.
Nilikaa nao siku nne.
Mstari wa mia mbili na saba ndio ulioshika kisu:
ukikuta alama hii, neno limekwisha.
Alama hii! Punje ya ufuta
iliyoning'inia juu ya herufi
(na neno hilo nalo lingekatwa).

Nikaondoa mistari miwili, nikaweka mitano.
Na kwa kuwa mkono ulishaingia unga
nikarekebisha na majina ya miezi,
nikapanga upya pambizo,
nikafuta na lisilonipendeza.
Nikatuma kiraka karibu na alfajiri, bando likitweta.

Jibu lilikuja siku ya tisa, bila salamu.
Kwetu hata mdai hupiga hodi,
huuliza hali za watoto, ndipo adai.
Huyu alianzia katikati:
Kiraka kimoja, tundu moja. Wewe umeleta manne.
Mwisho wa mstari wa kumi na moja kuna nafasi tupu.
Na nani kasema herufi tatu hizi ni sauti moja?

Nikafunga kompyuta, nikaenda kukuna nazi,
nikakuna hata kifuu kikalia.
Nani kasema!

Shangazi Bimkubwa akauliza nina nini.
Kompyuta haijui, nikamweleza kwa nguo.
Hakuinua macho kwenye sindano.
"Mtu akikuletea shati lenye tundu la kiwiko
ukamrudishia na kola mpya,
hatakushukuru. Atauliza kola yake iko wapi."

Toleo la pili.
Miwili nje, mitano ndani, basi.
Ile nafasi tupu ilikuwepo kweli;
nilipoiona nikaona haya
kama aliyetembea mjini upindo umefumuka.
Chini nikaweka ushahidi:
Ngoa ni wivu. Ng'oa ni kazi ya daktari wa meno.
Anayelia ngoa hahitaji koleo.
Nimezaliwa Ng'ombeni, si Ombeni.
Hatujaomba kitu,
ila hiki kimoja.

Siku kumi na saba, kimya.
Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika.
Nikawaza labda kwao mimi ndiye
nafasi tupu mwishoni mwa mstari.

Kisha: Imepokelewa. Asante, Mize.
Maneno matatu. Niliyasoma kama barua ya posa,
na kama barua ya posa, sikumwonyesha mtu.

Mwaka uliofuata toleo jipya likafika ofisi ya mifugo,
bila ngoma wala tarumbeta.
Nilikuwa nyuma ya kiti cha Bi Raya, nimeleta fomu za mbuzi.
Akaandika Ng'ombeni, akabonyeza.
Hakikutokea kitu.
Neno limekaa zima, na punje yake juu.
Akaendelea: ng'ombe mmoja, jike, mwekundu, chanjo ya pili.

"Siku hizi mashine zimetulia," akasema,
akapuliza chai.