Wati Mia Nne

Niliinunua usiku, mtandao ukishika na kuachia kama kikohozi:
paneli ya kukunja, wati mia nne,
picha ya msichana anayecheka kando ya ziwa,
bei nusu, na chini yake kwa wino mwekundu:
imebaki moja tu.
Nami huku juu nimebaki mmoja tu.
Nikabonyeza.

Ilipanda Tusheti na lori linalochukua jibini,
ikapita Abano, kwenye kona zile ambazo dereva huacha kuongea.
Nikaitandaza juu ya paa la mabapa ya mawe,
nikaunga nyaya, nikangoja.
Betri ilichukua siku tatu kujaa.
Nikasema, ni mawingu.
Nikasema, ni betri hii kuukuu.
Nikasema, ni mikono yangu.
Kila kilicho changu nilikilaumu
kabla sijamlaumu muuzaji.

Tsiala alikuja Jumapili.
Miaka thelathini alisoma mita za umeme kule Alvani,
mlango kwa mlango, akiumwa na mbwa wa watu.
Hakuanza na kipimo. Alitoa mfukoni
futi ya cherehani, ya kitambaa, iliyofifia namba,
akaipima paneli kama anayeishonea koti.
Urefu mita moja. Upana nusu, kwa taabu.

“Jua la adhuhuri,” akasema, “likiwa na ukarimu,
humwaga wati elfu kwenye mita moja ya mraba.
Paneli nzuri hukinga moja ya tano.
Hapa una nusu mita ya mraba.
Wewe ni mtu wa kondoo. Hesabu.”

Nikahesabu. Mia moja.
Nikahesabu tena, kama asubuhi ile
zizi linapokuwa na nafasi isiyo ya kawaida.

Ndipo akatoa mita yake, ya sindano, kasha limefungwa kamba.
Volti ishirini na moja! Nikatabasamu.
“Volti ni salamu,” akasema. “Kila mtu huitoa vizuri.
Mpe mzigo kwanza.”
Akampa mzigo.
Volti zikashuka hadi kumi na nane.
Ampea nne na nukta tisa, sindano ikatulia hapo.
Themanini na nane.

Nilianza kusema, kizuri chajiuza,
akanimalizia: “Na kibaya chajitembeza,
hasa usiku wa manane, kwa mtu mpweke.”

Muuzaji alijibu kwa upole wa mashine:
Mpendwa mteja, tafadhali weka bidhaa juani.
Kesho yake: Mpendwa mteja, tutakurudishia lari kumi na tano,
usitume picha tena.

Tsiala alibandua lebo kwa kucha,
akachovya kijiti kwenye rangi ya kutia kondoo alama,
akaandika nyuma, kwa tarakimu nene: 88.
“Usiichukie,” akasema. “Yenyewe haikudanganya.
Imetoa yote iliyo nayo. Taa, redio, simu. Friji sahau.”

Kisha akanigeukia, futi bado shingoni.
“Na wewe? Umemwambia Lamzira
utakaa huku peke yako mpaka theluji iyeyuke Mei.
Ulimwambia wati ngapi?”

Nilitaka kucheka.
Goti langu la kushoto lilikuwa juu ya ngazi,
la kulia lilikuwa bado linajadiliana.
Kuni za mwaka huu nilizipasua nusu,
nusu nyingine nimeifunika turubai
ili mtu akipita barabarani aone lundo.

Jua lilipozama nyuma ya mnara
sindano ililala polepole, bila aibu yoyote.
Nikapanda kilimani penye mtandao.

“Lamzira,” nikasema, “sikiliza. Nina themanini na nane.”
“Baba, una sabini na moja.”
“Najua,” nikasema.
“Lori linashuka Alhamisi.”