Shimo la Ruai

Lori la taka haliji Ruai, si huku kwetu,
ukishapita mabwawa ya majitaka na lami ikakatika,
barabara ikawa makubaliano tu kati ya majirani.
Chumba kimoja cha mabati, choo, tangi la lita elfu:
baba alivipata kwa mkopo wa ushirika
ili Agosti na Disemba tuwe na pa kwenda,
kama watu wenye pa kwenda.

Siku tatu tu, ndoo imejaa.
Hapo ndipo mtu hujua ukubwa wa kinywa chake.
Maganda ya viazi tulimpelekea Nzilani, mbuzi wake wakala.
Majivu tuliyamwaga chooni.
Mifupa ilichukuliwa usiku; na nani, hatukuuliza.
Vikabaki visivyoliwa na yeyote:
pakiti za maziwa, betri za redio, nepi za Ndunge,
chupa ya siki, kandambili moja.

Sheria ya baba ilikuwa fupi. Chimba, choma, fukia.
Alichimba mwenyewe, shati kalitundika kwenye seng'enge,
hataki msaada wala ushauri.
Moshi wa plastiki ulikwenda moja kwa moja
kwa Nzilani mwenye pumu.
Hakusema kitu. Alianua nguo zake, akafunga dirisha,
na kesho yake mbuzi wakala maganda kama kawaida.

"Funika kombe," baba alicheka, akishindilia kwa buti,
nasi tukapita, wanaharamu watano kwenye pikapu,
mikono mitupu, tukarudi Umoja.

Lakini udongo mweusi wa Ruai una tabia zake.
Kiangazi hupasuka, ufa wa kumeza mwiko
na mkono ulioushika.
Masika huumuka kama unga uliotiwa hamira,
na kilichokuwa chini hupanda,
polepole, bila hasira,
kama mtu anayekumbuka.
Nguzo za ua zimelala. Choo kimeinama kama kinasikiliza.
Na Aprili hii, mwaka wa pili tangu tumzike baba Mwala,
shimo limeanza kurudisha.

Kwanza kandambili.
Kisha betri, zimevimba, zinatoka machozi ya kutu.
Kisha nepi. Ndunge mwenyewe yuko gredi ya sita;
aliiona, akakimbia nyuma ya tangi kwa aibu.
Kisha karatasi za vidonge, zile za fedha,
zimekunjwa ndogo, ndogo zaidi,
jinsi baba alivyokunja risiti.
Nikasugua tope kwa kidole gumba.
Jina la dawa nilikuwa nalijua,
nilifundishwa kulitamka kwenye korido za Kenyatta.
Ila tarehe ya mwisho ya kutumiwa
ilikuwa imepita miaka mitatu
kabla hajatuambia.

Nilizihesabu hadi kumi na nne, nikaacha.

Kumbe ndiyo maana hakutaka msaada.

Moja nimeiweka kabatini, ndani ya bahasha ya hati ya ploti.
Haiozi, haiungui vizuri.
Kimanzi anasema ni uchafu, nitupe.
Namuuliza, wapi?

Siku hizi tunarudi na taka zetu,
magunia mawili nyuma ya gari, madirisha wazi,
Kimanzi kaziba pua kwa kola ya shati.
Jumatano vijana wa kikundi wanakuja na mkokoteni,
nawalipa mia mbili, nasema asante,
nanawa hadi viwikoni.
Nzilani sasa anaanika nguo nje, hata tukiwepo.
Nikajiona mtu mwema kwa wiki nzima, pengine wiki mbili.

Kisha Ndunge akauliza, magunia yanapelekwa wapi.
Dandora, nikasema.
Akatafuna mkate wake, akameza.
"Na huko, mwenye pumu ni nani?"

Nikamwambia avae viatu,
tunachelewa.