Kopo la Sita

Saa tisa za usiku. Mvua ya Lugo haigongi paa,
inalilamba tu, kama ulimi wa ndama.
Nimesimama jikoni na soksi moja
nahesabu vijiko vya unga kwa sauti, maana jana
nilipotea kwenye cha tatu
nikamwaga chupa nzima kwenye sinki,
na kopo moja ni bei ya gunia la pumba.

Kimoja.
Viwili.

Nyuma ya ukuta huu wamelala ng'ombe thelathini na wawili.
Nawajua kwa viwele: Estrela, chuchu ya mbele ngumu,
Paxara, mwenye teke la kushoto.
Lori la kiwanda huja kila baada ya siku mbili,
huondoka na maziwa ya watoto nisiowajua.
Na Antía wangu, wiki ya kumi na moja duniani,
tone moja la hayo humwotesha vipele shingoni,
humwachia damu kwenye nepi, nyembamba kama uzi.

Penye miti hapana wajenzi.
Mama yangu hakucheka niliposema hivyo.
Yeye alinilea kwa maziwa ya zizini,
yamezimuliwa kwa maji ya kisima na sukari kidogo,
"na tazama mabega yako," anasema,
kana kwamba mabega ni cheti cha daktari.

Iria alinyonyesha wiki tano.
Kwanza dang'a, ya manjano kama siagi ya masika,
kisha nyufa, kisha homa,
kisha titi moja jekundu, la moto, kama tofali la tanuri.
Aliacha jibini. Aliacha siagi.
Aliacha hata keki ya siku yake mwenyewe ya kuzaliwa,
tukaila sisi, tukitazama sahani.
Halafu ile mashine ya kukodi, ya kukamulia.
Niliusikia mlio wake kupitia mlango
na mikono yangu ikaujua kabla ya akili.
Sikusema neno. Aliyesema ni yeye:
"Brais, usinisome kama mita."
Nilikuwa nikitazama mililita.
Kazi yangu ni kutazama mililita.

Unga huu wa duka la dawa unanuka
viazi vilivyosahaulika gunini.
Nimeuonja: uchungu, chumvi, halafu kitu kama sarafu.
Kopo la kwanza alilitema lote.
La pili alilia mpaka sauti ikamkauka.
Kwenye foleni, mke wa Outeiro alishika kopo langu la tatu,
akasoma bei, akaguna: "Na nyie mna ng'ombe!"
Ndiyo, mama. Tunao.

Sasa navua buti na ovaroli nje, kwenye baridi,
naoga mpaka viwiko, mara mbili, mara tatu,
nisije nikamgusa na riziki yake.

Na usiku huu, maji yakipoa, ndama wa Estrela analia.
Ana siku nne. Tulimtenga na mama yake siku ya kwanza,
kama tunavyowatenga wote.
Nimewanywesha mamia, unga na maji vuguvugu,
ndoo yenye chuchu ya mpira,
mama zao wakiita ng'ambo ya ua.
Niliita kazi. Nilikuwa nikipiga mluzi.

Vitatu. Tikisa. Tone kwenye kifundo cha mkono:
si moto, si baridi, si kitu.

Antía anageuza uso. Anageuza tena.
Halafu anaishika chuchu kwa hasira,
kama mtu anayesaini hati asiyokubaliana nayo,
na anakunywa.
Masikio yake yanacheza kidogo kila anapomeza.
Hilo hakuna aliyeniambia.

Mlango unasogea. Iria, nywele upande mmoja,
mkono kifuani, mahali palipokuwa na bandeji.
"Amekunywa kiasi gani?"

Tisini. Tisini kamili, mstari unaonekana hata gizani.

"Sikuangalia," nasema.
Anaketi karibu yangu sakafuni,
na tunamsikiliza akicheua.