Vueni Viatu Mlangoni

Vueni viatu mlangoni.
Vumbi la Arua ni jekundu na lina miguu,
linapanda meza, linaingia tumboni mwa mashine,
na mashine huanza kukohoa kama mzee wa tumbaku.

Mimi ni Adiru, mwenye ufunguo wa chumba hiki.
Kompyuta ni thelathini. Zinazowaka, ishirini na mbili.
Ile ya dirishani haina herufi A;
msiigombanie iliyo karibu na feni,
kila Agosti mnaigombania.

Hiki kinaitwa kipanya. Chekeni, mmalize.
Hakiumi, hakili mahindi.
Usikikabe. Kishike kama kifaranga.

Nenosiri ni siri, jina lenyewe linasema,
lakini nimeliona limeandikwa kiganjani kwa kalamu,
likasafiri na jasho hadi kwenye shavu la mwenyewe.

Sasa maktaba. Hapana, si ile yenye rafu;
ile ina nakala mbili za kitabu cha uchumi
na moja imeng'olewa sura ya tano.
Hii ina kisanduku cheupe, chembamba,
na ndani yake kijistari kinachopepesa.
Hapa ndipo mikono huganda.
Miaka kumi na mitatu ya shule mmefundishwa kujibu;
nani aliwahi kuwaambia muulize?

Mwaka juzi alikaa hapo, kwenye kiti kilichofungwa kamba,
binti wa Vurra, Ezaruku, mwanafunzi wa kilimo.
Aliandika kwa kidole kimoja, akiiwinda kila herufi:
gbanda, muhogo kwa lugha ya mama yake.
Kisanduku kikanyamaza.
Akaandika kwa Kiingereza. Matokeo elfu nne na ushee.
Akanitazama kama aliyeomba maji akaletewa mto.
"Punguza," nikamwambia. "Ongeza ugonjwa. Ongeza wilaya."
Elfu nne zikawa arobaini, arobaini zikawa tatu.
Ya tatu ilikuwa na kufuli.
Nje ya uzio huu makala ile inauzwa kwa dola;
humu ndani chuo kimeshalipa.
Bonyeza.

Ukurasa wa nane, jedwali la pili:
Vurra. Shamba namba kumi na saba.
Mashina mia na ishirini. Yaliyooza mizizi, tisini na manne.
Ezaruku akaweka kidole juu ya skrini,
jambo ninalolikataza.
Sikumkataza.
"Walikuja na gari jeupe," akasema,
"nikiwa darasa la tatu. Baba aliwachimbia siku nzima.
Walisema watarudi na majibu."

Majibu yalikuwa yamekaa hapa miaka kumi na mmoja,
hayakufichwa na mtu,
yakimngoja yeyote mwenye nenosiri.

Kuchapisha ni shilingi mia mbili kwa ukurasa.
Alikuwa na mia tano.
Alichukua jedwali, na ukurasa wenye majina ya mbegu zinazostahimili;
mia iliyobaki haikununua hata nusu chapati.
Kisha akaniuliza kama walioandika wanaweza kuandikiwa.
Nikamwonyesha anwani, chini kabisa, kwa herufi za sisimizi.
Barua yake ilikuwa mistari miwili:
Shamba namba kumi na saba lina mwenyewe.
Anaitwa Drani, na bado analima.

Hawajajibu. Nusu mwaka alikuja kila asubuhi kuchungulia,
halafu akaja kwa mambo mengine:
udongo, mvua, bei ya mbegu, na siku moja
namna ya kuandika makala.

Basi. Umeme ukikatika msipige kelele,
betri ya akiba inawapa dakika sita:
hifadhini kwanza, laumuni baadaye.
Wewe wa nyuma, viatu.

Haya, wekeni vidole. Kijistari kinapepesa.
Mnataka kujua nini?