Hewa Ukaa

Kuchomelea wajua, Faki. Hapo sikushindani.
Tangi la gesi lililolala nyuma ya gereji, Jomvu,
ukalitia mbavu, ukalitia jicho la kioo kizito,
ukalipaka rangi ya tuktuk iliyobaki nusu kopo,
na watoto wa Mikindani wakaliita Papa Mjamzito.

Lakini kazi yangu mimi ni pumzi za watu.
Mwaka wa kumi na nne huu, chumba cha upasuaji,
nakaa kichwani pa mgonjwa, si miguuni,
nahesabu kifua kikipanda, kifua kikishuka.
Basi nisikilize kabla hujajifungia.

Wadhani utakufa kwa kuikosa hewa.
La. Utakufa kwa hewa yako mwenyewe,
ile uliyoitoa ikakosa pa kwenda.
Hewa ukaa: jina lenyewe lasema.
Haiendi. Hukaa.
Oksijeni ingalimo, mtungi ungali nusu,
na wewe kichwa chagonga, jasho lakutiririka,
wamwona Saumu kiooni, naye hayupo.

Nikakuletea ndoo ya chokaa ya soda,
punje nyeupe kama chenga za mchele;
nimezinunua, risiti ninayo, usiniulize bei.
Usiishike kwa mkono mtupu. Vumbi lake usilivute.
Maji ya chumvi yakiifikia
itakuwa uji wa kuchoma koo.
Na valvu ya mtungi, shemeji mwenye grisi mpaka kwenye kucha,
usiiguse kabla hujanawa kwa sabuni, mara mbili.
Mafuta na oksijeni hawasalimiani. Huwaka.

Ukacheka: "Hii ni nyambizi au wodi?"
Leo ni wodi, nikasema. Baharini huendi.

Jumapili, saa nne, uani, juu ya matofali,
ukaingia na feni ya kompyuta kuukuu,
kopo la chokaa, daftari, kalamu ya wino.
Saumu akashika nyundo, mimi nikashika saa.
Kila dakika kumi tutagonga,
nawe uandike jina lako, la baba, la babu,
utuonyeshe.

Faki Athmani Shekue. Mwandiko wa chuoni, umenyooka.
Faki Athmani Shekue.
Dakika ya sitini, e ya mwisho haipo.
Ya themanini, mstari unashuka
kama mtu anayeteremka ngazi gizani.
Ya tisini: Faki Faki, na watuchekea,
kicheko kizuri, cha mtu asiyedaiwa.
Kicheko hicho nakijua.
"Fungua," nikasema. Saumu alikwisha kuligeuza gurudumu.

Ukatoka umenuna. "Mbona mapema? Nilikuwa sawa!"
Wote husema hivyo.

Nikafungua kopo. Punje zikishiba hugeuka rangi,
kama ulimi wa mtoto aliyeshinda mzambarauni
(na ukizilaza usiku hurudia weupe, weupe wa uongo,
kwa hiyo tazama papo hapo).
Zako zilibadilika ukingoni tu,
mchirizi mwembamba kutoka juu hadi chini.
Katikati, nyeupe pe.
Hewa ilijipatia njia ya mkato
kwa kuwa ulilijaza kopo mbiombio.
Mamako akipima pishi ya fitri
hutikisa, hugonga ubavuni, hujazia tena.
Miaka yote hiyo ulikuwa ukitazama nini?

Tukalijaza upya, watatu, tukigonga
mpaka punje zikanyamaza.
Nikaongeza kidude cha kupima, kinacholia hatari ikikaribia.
Kisikilize, ila usikiamini peke yake.

Jumapili ya pili, saa tatu nzima,
na Shekue yuko na e yake.
Waniuliza lini, basi. Sijui lini.
Mpaka nichoke kukupima.

Saumu ameichana ile karatasi ya Faki Faki,
ameibandika ndani, pale macho yako yatakapokuwa,
kwa gundi ya kuzibia mabomba.
Wasema yakutia aibu.
Vizuri.